Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya ya Kinywa, Kisiwani Pate

Mheshimiwa mgeni rasmi, daktari wetu wa meno, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wenzetu, asalamu aleikum.

Karibu Pate, na pole kwa mawimbi. Shati lako halijakauka bado.

Daktari, kila mwaka tunahimizwa kupiga mswaki asubuhi na usiku. Tunapiga. Lakini meno hayaozi kwa uvivu tu. Langoni petu pana meza ya mabuyu, mekundu, yamegandwa na sukari hata kokwa haionekani, pakiti shilingi 5. Mtoto huyamumunya moja moja tangu mapumziko hadi kengele ya mwisho. Kila sukari inapoingia, vijidudu vya kinywani huigeuza asidi inayokula jino, kwa hiyo kumumunya kutwa kunadhuru kuliko kula mara moja ukamaliza. Ndizi mezani hapo hakuna. Hatuombi mama muuzaji afukuzwe: mwanawe tunasoma naye, na daftari zake zimenunuliwa kwa mabuyu hayo hayo. Tukimwuliza, anasema angeuza matunda akipata mtaji, maana yakilala yanaoza.

Kuna maji pia. Nakuru na kwingineko Bonde la Ufa, floraidi, madini ambayo kwa kiasi kidogo hukinga jino lisioze, imezidi majini hadi meno ya watoto yanaingia madoa ya kahawia. Sisi twanywa ya mvua kutoka jabia, birika la kuhifadhia maji hayo, na floraidi yake ni haba mno. Kinga yetu basi ni dawa ya meno yenye floraidi, na kuna nyumba ambako tyubu hukatwa kwa mkasi ili ikwanguliwe. Nyanya zetu hutucheka, wao wana msuaki wa mti. Lakini wanatafuna tambuu, na popoo iliyomo huleta saratani ya kinywa. Tuliwaambia. Hawakufurahi.

Jumatatu mwenzetu alivimba taya. Mamake akamtia karafuu kwenye jino, akamfunga leso. Nauli ya boti ilipopatikana, maji yalikuwa yamekupwa, Mkanda, mlango wa bahari tunaopitia kwenda Lamu, haupitiki, wakarudi nyumbani.

Tunaomba tangi na mifereji nje ya madarasa, tupige mswaki baada ya chakula cha mchana. Tunaomba pia daktari aje kila muhula, badala ya sisi kungoja maji yajae.

Mwenzetu yuko safu ya mbele, mwenye leso ya manjano, ametukubalia tumtaje. Tafadhali mtazame kabla ya chakula, kwani nahodha wako ameshasema saa tisa anang'oa nanga.