Binti yangu anaficha vitambaa chini ya godoro

Shangazi, shikamoo.

Nina binti wa miaka 13, alivunja ungo mwaka jana. Juzi nilikuwa nageuza godoro lake nikakuta mfuko wa plastiki umekunjwa mara tatu. Ndani mna vitambaa vyake vya hedhi, vimefuliwa vikatakata, lakini bado vibichi, na kimoja kimeshaota vidoa vyeusi vya ukungu. Nikakaa kitandani, mfuko mkononi. Mwezi mzima mtoto analalamika kuwashwa, nami namwambia abadili sabuni. Sabuni, jamani!

Nilipomuuliza akajibu kwa sauti ya chini: "Si wewe mama ulisema asione mtu?"

Ni kweli nilisema. Siku alipoanza nilimpa vitambaa, nikamwonyesha vinavyovaliwa, nikamwambia hayo ni ya kike, ayafiche. Ndivyo nilivyofundwa na mimi. Habari ya kubadilisha kila baada ya saa 4 hadi 6 hata damu ikiwa kidogo, au ya kuanika juani mpaka vikauke kabisa, sikuigusa. Wala sikumwambia kwamba mwaka wa kwanza na wa pili siku huwa zinarukaruka. Kumbe mwezi mmoja ulipopita bila damu alikuwa halali, anadhani ana ugonjwa.

Sasa nimemweleza yote, na kwa daktari nimempeleka. Kilichotushinda ni kuanika. Kamba iko uani, na ana kaka wawili. Mmoja alishamcheka mbele ya wenzake kwa doa kwenye sketi. Baba yao nilipomgusia alisema mambo hayo tumalizane huko huko wanawake, akaondoka. Pedi za dukani kila mwezi hatuziwezi. Tumejaribu kuanika na kufunika kwa nguo nyepesi juu, lakini binti akisikia mlango tu anakimbia kuvianua, havijakauka.

Shangazi, nianze na nani, wavulana au baba yao? Na nikianza na wavulana, niwaambie nini ambacho hawatakwenda kukigeuza mzaha? Halafu nina mwingine, wa miaka 9. Huyo nimweleze sasa hivi, au nitamtisha bure? Juzi alisimama mlangoni akaniona na ule mfuko, akauliza ni nini. Nikamwambia ni matambara.

Mama wa wanne