Nyimbo za bei ya chee

Langoni, Lamu

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Hapa nyumbani tu wazima, alhamdulillahi. Babako anakusalimu.

Umeniambia umepata tovuti ya ng'ambo inayouza albamu nzima kwa pesa isiyofika mia, na kwamba si wizi maana umelipa. Kulipa umelipa, lakini umemlipa nani?

Nyinyi mlikuwa wadogo Warusi walipokuwa na AllOfMP3, tovuti ya kuuza nyimbo. Apple ikiuza wimbo mmoja senti 99 za dola, wao walipima muziki kwa megabaiti, kama samaki mizanini, na wimbo ukaangukia senti kumi au ishirini hivi. Walidai wana leseni ya ROMS, chama cha kwao cha kukusanya malipo ya hakimiliki, kwa kuwa sheria ya Urusi wakati huo iliruhusu chama cha namna hiyo kutoa leseni hata bila idhini ya mwenye wimbo. Kampuni za muziki hazikuitambua leseni hiyo. Visa na Mastercard zikakata malipo 2006, Marekani ikalitia jambo hilo katika mazungumzo ya Urusi kuingia WTO, Shirika la Biashara Duniani, na 2007 tovuti ikafungwa. Mwaka huohuo mahakama ya Moscow ikamwachilia mkuu wa zamani wa tovuti hiyo, Denis Kvasov. Kwa hiyo yule muuzaji wako huenda kwao hana kesi. Hilo halimfikishii mwimbaji hata senti, na mimi swali langu ni hilo tu.

Huyo msanii wa Marekani uliyenunua albamu yake ana mawakili, sina huruma naye sana. Namfikiria marehemu Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa hapa Lamu, aliyefariki 2016. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 2001, haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kufa kwake, yaani nyimbo alizotunga zina wenyewe mpaka 2066. Tovuti kama hiyo ikizichuuza, watoto wake watamdai nani, na kwa mahakama gani?

Polisi hawatakubishia hodi kwa wimbo unaousikiliza peke yako. Ila usimrushie nduguyo kwa WhatsApp, wala usimpe yule rafiki yako mwenye spika za harusi: huko ni kusambaza, na sheria ina maneno mengine. Ukitaka taarabu, mwulize mwimbaji mwenyewe anauzia wapi. Wengi wao wana namba ya M-Pesa.

Mamako