Tweed hakuwa meya

Ndugu Mhariri,

Kila rushwa inapozungumzwa, William Tweed, mwanasiasa wa karne ya 19, hutajwa kama meya wa New York. Hakuwahi kuwa meya. Meya alikuwa Oakey Hall; Tweed alishika Tammany Hall, yaani kundi lililotawala chama cha Democratic mjini humo, pamoja na kiti katika Bodi ya Wasimamizi wa Kaunti, iliyopitisha ankara. Hapo ndipo penye mchezo.

Mkandarasi aliyeidai kaunti, tuseme, dola 1,000 aliambiwa aandike nyingi zaidi kwenye ankara. Mkaguzi wa hesabu, James Watson, alipitisha, Connolly wa hazina akalipa, kisha fungu likarudi kwa Tweed na wenzake, mwishoni likafika asilimia 65 ya ankara. Jengo la mahakama lililotengewa dola 250,000 mwaka 1858 likameza zaidi ya milioni 12. Fundi lipu mmoja, Andrew Garvey, aliandikiwa dola 133,187 kwa kazi ya siku mbili. Hata lipu ya dhahabu isingefika huko!

Kilichowaponza ni leja: waliandika kila kitu. Watson alipofariki Januari 1871 kwa ajali ya kigari cha theluji, hesabu ziliangukia mikono mingine, zikanakiliwa, na Julai gazeti la New York Times likazichapa. Tweed alihukumiwa 1873, akatoroka 1875, akakamatwa Vigo, Hispania, akafia jela ya Ludlow Street tarehe 12 Aprili 1878. Connolly alikimbilia ng'ambo. Hall, meya mwenyewe, mahakama ilimwachia huru.

Msomaji wako