X-20 haikuponzwa na bawa

Mhariri,

Tunaomba nafasi kidogo katika gazeti lako kusahihisha makala yenu kuhusu ndege za anga za juu. Mliandika kwamba mradi wa chombo cha anga za juu X-20 Dyna-Soar wa Jeshi la Anga la Marekani ulifutwa kwa sababu wahandisi walishindwa kupata umbo la bawa. Si kweli, na mnawapunja watu waliofanya kazi nzuri.

Mradi ulianza Oktoba 1957, Boeing ikapewa kazi Novemba 1959. Mwaka 1960 maumbo mengine yalipimwa upya, lakini lililochaguliwa likabaki: bawa la pembetatu, tumbo bapa, mapezi wima kwenye ncha za mabawa. Kilikuwa chombo kidogo cha rubani mmoja, urefu mita 10.77, upana wa mabawa mita 6.34. Hizi Cessna Caravan zinazoruka hapa Kisongo kwenda Serengeti ni ndefu zaidi, na mabawa yake ni zaidi ya mara mbili.

Kilichobadilika kila mara ni roketi. Titan I isingeweza kukifikisha kwenye mzunguko wa Dunia. Ikaja Titan II, kisha mwishoni mwa 1961 wakaamua kutumia Titan III, yenye roketi mbili za mafuta magumu ubavuni. Ukifunga bawa kwenye ncha ya roketi, hewa husukuma pua pembeni na roketi nzima hutaka kugeuka. Ndiyo maana michoro ya Titan I na II ina mapezi makubwa chini. Roketi ikibadilika, hesabu za mizigo na mitetemo zinaanza upya.

Na joto la kurudi kwenye angahewa je? Hapo ndipo ufundi wao unapoonekana. Fremu ilikuwa ya René 41, aloi ya nikeli, ikiwa na viungo vya pini ili vyuma vitanuke bila kupinda. Tumboni kulipangwa vigae vya molibdenamu na niobiamu vyenye mipako maalumu, maana molibdenamu tupu huliwa na oksijeni ikipata moto. Tairi za mpira zisingestahimili joto hilo, kwa hiyo miguu ya nyuma ilipewa brashi za waya, na wa mbele sahani ya chuma ya kuteleza. Vioo vya mbele vilifunikwa kwa ngao ya kutupwa baada ya joto kupita. Ngao ikikwama, rubani angetua kwa kutazama madirisha ya pembeni.

Robert McNamara, waziri wa ulinzi wa Marekani wakati huo, aliufuta mradi tarehe 10 Desemba 1963, na siku hiyohiyo akatangaza maabara ya kijeshi ya angani, MOL. Hoja yake ilikuwa matumizi: chombo hiki kitafanya kazi gani jeshini? Swali hilo halikuwahi kupata jibu lililomridhisha.

Mkirudia mada hii, tafadhali chapisheni mchoro wa X-20 juu ya Titan I kando ya ule wa Titan III, kwa kipimo kimoja.

Mafundi wa ndege,
Kisongo, Arusha