Sensa ya throto ipimwe kabla ya kuhukumiwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi magari wa jiji hili, pamoja na sisi tunaowapelekea magari, kuhusu tabia ya kulegeza skrubu za sensa ya throto (kifaa kinachoiambia kompyuta ya gari jinsi throto, yaani mlango wa hewa ya injini, ilivyofunguka) na kuizungusha kwa kusikiliza mlio wa injini.

Corolla yangu ya miaka ya 1990, yenye kebo inayounganisha pedali ya mafuta na throto, ilianza kupandisha na kushusha sailensi (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) kila niliposimama kwenye foleni ya Buguruni. Fundi wa kwanza aliizungusha sensa, mlio ukatulia, akalipwa. Siku ya tatu gari likarudia, tena likawa linazimika kabisa. Wa pili alisema sensa imekufa, nikanunua nyingine Gerezani, ugonjwa ukabaki vilevile.

Wa tatu, mzee mmoja wa Tabata, hakushika bisibisi kabla ya mita ya volti. Kompyuta ya gari huipa sensa hiyo volti 5, nayo hurudisha umeme unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta, kuanzia kama nusu volti throto ikiwa imefungwa. Aliweka swichi oni bila kuwasha injini, akaifungua throto taratibu kwa mkono huku mimi nikitazama mshale (mita ya tarakimu haipendi, anasema huficha mdondoko wa ghafla), nao ukapanda bila kudondoka popote. Tukaifunga ile ya zamani, iliyokuwa bado kwenye buti: nzima pia.

Hata hivyo, throto ilipoachiwa, mita iligoma kushuka chini ya volti 1. Mzee akainama na tochi, akanionyesha skrubu ndogo inayouzuia mkono wa throto, ambayo hupangwa kiwandani na haitakiwi kuguswa. Mtu alikuwa ameikaza ili kupandisha sailensi, na alama mbichi za bisibisi zilionekana kwenye kichwa cha skrubu hiyo. Kwa kuwa throto haikufunga, swichi ndogo iliyomo ndani ya sensa haikugusa, na kompyuta ikaamini kwamba mguu wangu bado uko kwenye mafuta. Aliosha masizi, akairudisha skrubu mahali pake, ndipo akalegeza sensa, akapachika fila (kibati chembamba cha kupimia nafasi) yenye unene uliotajwa kwenye kitabu cha gari, akaizungusha hadi mshale wa mita ulipocheza kuonyesha kwamba swichi imebadilika, akakaza.

Magari mapya yasiyo na kebo hayana marekebisho haya, kwa hiyo anayetaka kuzungusha kitu huko aulizwe anazungusha nini.

Ombi langu kwa wenye gereji ni dogo: kabla mteja hajatumwa kununua sensa, aandikiwe kwenye risiti volti zilizosomwa throto ikiwa imefungwa na ikiwa imefunguliwa yote. Nimekwisha kulipia sensa moja nisiyoihitaji, na ninayo bado, kwenye buti.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam