Tafuta kwa namba ya mada, si kwa neno

Mhariri,

Wanafunzi wa anthropolojia wanaoingia eHRAF World Cultures, hifadhidata ya mtandaoni ya maandiko juu ya jamii na tamaduni za dunia, kwa mara ya kwanza karibu wote hufanya jambo moja. Huandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, hupata aya chache, kisha hufunga na kusema humo hamna kitu. Kitu kimo. Wamekitafuta kama wanavyotafuta kwingine kote kwenye intaneti, na inauma kuona kazi ya mikono ya miaka mingi ikipitwa hivihivi.

Hifadhidata hiyo inasimamiwa na Human Relations Area Files, iliyoanzishwa mwaka 1949 huko New Haven, Marekani, kutokana na kazi ambayo George Peter Murdock na wenzake walikuwa wameianza Chuo Kikuu cha Yale miaka ya 1930. Wachambuzi wake husoma kila waraka aya kwa aya, na kila aya huiwekea namba za mada zinazoihusu. Namba ni za tarakimu tatu, na mada zimezidi 700. Kuanzia 580 ni ndoa: 583 ni njia za kuoa, mahari ikiwemo, 584 ni uposaji na mipango, 585 ni arusi, 586 ni kuvunjika kwa ndoa. Kuanzia 760 ni kifo: 764 mazishi, 765 maombolezo.

Tuiangalie hiyo mahari. Maandiko mengi humo ni ya Kiingereza, na waandishi hawakukubaliana hata juu ya jina lake. Huyu ameandika "bride price", yule "bridewealth", mwingine ameacha neno la kienyeji la watu aliowachunguza. Ukiandika moja, mengine yanakupita. Zipo pia aya zisizo na neno lolote kati ya hayo. Chukulia aya inayosema tu kwamba ndama wawili wa mwisho hupelekwa mtoto wa kwanza akishazaliwa. Kompyuta haioni mahari hapo. Mchambuzi aliyetoka kusoma aya iliyotangulia anaiona, na anaweka 583.

Basi anzia kwenye utafutaji wa kina. Chagua jamii kwanza, ama kwa jina, ama kwa kanda, ama kwa njia yao ya kujipatia riziki, kama ufugaji au uwindaji. Kisha fungua orodha ya mada, shuka kutoka kichwa kikuu hadi mada ndogo, na usome maelezo yaliyo chini ya kila mada pamoja na yale ya "tazama pia". Hapa usiwe na haraka. Maelezo hayo ndiyo yanayokuambia kama unachokitafuta kimewekwa pale ulipodhani au kwa jirani. Uchawi unaodhaniwa kuleta ugonjwa, kwa mfano, una namba yake, 754, ndani ya kundi la maradhi, na anayeishia kwenye mada za dini hataukuta wote. Namba inayoishia na sifuri huwekwa kwenye aya zinazosema jambo kwa ujumla, kwa hiyo anayetaka mahari aweke 583 yenyewe, asitegemee 580.

Ukichagua mada mbili, utaulizwa kama unataka aya yenye yoyote kati yake au yenye zote. Wengi hubonyeza "zote" kwa kudhani wanapata kilicho sahihi zaidi, na hapo ndipo wanapopoteza mengi, kwa sababu sharti hilo linapima aya moja moja. Mwandishi akieleza mahari katika aya moja na kurudishwa kwake baada ya talaka katika aya inayofuata, 583 na 586 hazitakutana, na ukurasa mzima unaokufaa hauonekani. Tafuta kila moja peke yake, kisha linganisha waraka kwa waraka. Neno liongeze mwisho kabisa, pale tu matokeo yanapokushinda kwa wingi. Alama ya nyota mwishoni mwa mzizi wa neno hukusanya maumbo yake yote.

Matokeo yakija, usinukuu aya kabla ya kufungua kurasa zinazoizunguka. Aya iliyokatwa peke yake haisemi kama desturi hiyo ni ya wote, ya ukoo mmoja, au ni jambo mwandishi alilosimuliwa na jirani asiyewapenda. Fungua na taarifa za waraka: mwandishi alikuwa nani, mwanaanthropolojia, mmisionari au ofisa wa serikali, alikaa huko lini, na anayoyaeleza ni ya kipindi gani. Mwaka wa kuchapishwa hautoshi. Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alifanya utafiti visiwa vya Trobriand, katika Papua New Guinea ya leo, kati ya 1915 na 1918, lakini vitabu vyake juu ya watu wale viliendelea kutoka hadi 1935. Anayeandika "mwaka 1935 watu wa Trobriand walikuwa wakilima hivi" amekosea kwa karibu miaka ishirini.

La mwisho ni kuhusu hesabu. Jamii moja ikitoa aya 200 za mazishi na nyingine 6, haimaanishi kwamba ya kwanza inajali zaidi wafu wake. Huenda imeandikiwa vitabu vingi zaidi tu, au mtafiti wa ile ya pili alikwenda kuchunguza kilimo. Anayetaka kulinganisha jamii kwa takwimu atumie sampuli ya jamii 60 iliyomo humohumo, iliyoteuliwa kwa kazi hiyo. Na katika sura ya mbinu za utafiti aandike namba za mada alizotumia, aseme kama alichagua "yoyote" au "zote", na ataje tarehe aliyotafuta, kwa sababu maandiko mapya huongezwa na matokeo ya mwakani hayatakuwa haya.

Wakutubi wa marejeo