Kurasa zangu 16 ziko wapi?

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu linauzwa shilingi 200, na kalamu ya kukuandikia sijawahi kuishika. Mlipoandika kuwa Pangani iko kaskazini ya Tanga mjini, nilicheka, nikafungia vitumbua. Mlipokosea tarehe ya maulidi nikasema binadamu hukosea. Lakini ile habari ya ukurasa wa 11, ya yule bwana msomi aliyewaambia kuwa riwaya za mapenzi tunazosoma wanawake ni vitabu vya kusubiria zamu saluni, tena vinaharibu mabinti, imenikwama kooni kama mwiba wa samaki, na hii ni wiki ya pili. Naona nisipoutoa utanitoboa.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, mwaka wa 31 huu. Nashona madera, magauni ya harusi, na sare za shule kila Januari. Kwenye droo ya cherehani, pamoja na bobini na chaki, riwaya haikosekani. Umeme ukikatika nasoma. Mteja akisema "nakuja sasa hivi" nasoma sura mbili, maana sasa hivi ya Tanga unaijua. Wako waliokuja na kitambaa wakaondoka na kitabu, na vitabu vingine sijavitia machoni mpaka leo. Kwa hiyo nasema ninachokijua, si kama yule bwana ambaye, kwa mlivyoandika, hakutaja hata kitabu kimoja alichokisoma akakimaliza.

Hoja yake kubwa ati ni kwamba riwaya hizi zinafanana na mwisho wake unajulikana. Haya. Baba watoto hapa nyumbani, kila Ramadhani baada ya futari, huwasimulia wajukuu jinsi Coastal Union walivyochukua ubingwa 1988. Mwisho unajulikana: walichukua. Wajukuu wanaujua, jirani anaujua, hata mbuzi wa jirani nadhani anaujua. Lakini mzee atasimama, atapiga chenga kati ya sinia la tambi na birika la uji, atasema nani alimpa nani pasi, na hakuna msomi aliyewahi kumwendea akamwambia anapoteza muda. Wale Mills & Boon wa London, ambao vitabu vyao vidogo tulikuwa tunavificha chini ya godoro bwenini, wameanza kazi 1908, na mpaka leo mwisho wa heri kwao ni sharti. Anayenunua ananunua akijua wawili wale watapatana. Anachokitaka ni njia: wamepatanaje, nani alijishusha, kwa neno gani. Halafu ziko riwaya nyingine kabisa ambazo mwenye safari ni mwanamke mwenyewe, na kazi yake, na mama yake mzazi, na madeni yake. Mapenzi yakija yaje, yasipokuja kitabu kinaendelea. Yule bwana kazitia zote kapu moja, kafunga kamba.

Sasa nikwambie lililonifika mwezi uliopita, maana ndilo lililonifanya habari yenu niisome nikiwa tayari nimekasirika.

Nilinunua riwaya kwa shilingi 8,000, kwa muuzaji mmoja ambaye simtaji. Jina la kitabu pia naliacha, mwandishi wake hana kosa. Kisa cha mwanamke wa miaka 43, ana duka la vifaa vya ujenzi, kumbe mumewe kachukua hati ya nyumba akaikopea bila yeye kujua. Mhariri, nilishona huku nasoma, nikatia mkono wa gauni mahali pa mfuko. Nikafika ukurasa wa 128. Mwanamke yuko jikoni usiku, kainjika chai, mume kaingia, bado hajui kwamba mwenzie kajua. Mwanamke hakupiga kelele. Kavuta kigoda kwa mguu, kamwambia, "Kaa hapo." Nikafunua ukurasa.

Ukurasa wa 113.

Nikadhani macho. Nikavaa miwani niliyokuwa nimeshaivaa. Kurasa 113 mpaka 128 zimechapwa mara mbili, kisha kitabu kinarukia 145. Na hapo 145 wawili wale wako kwenye kivuko cha Pangani wanavuka kwenda Bweni, na mume kambebea mkewe kikapu! Yaani jikoni kwenye kigoda mpaka kikapu kwenye kivuko, kurasa 16 zimemezwa. Nani aliomba radhi? Alilia? Alikana kwanza, kama wanavyokana? Hati ilirudi au mwanamke ndiye aliyelipa? Mpwa wangu anayejalidi vitabu alinieleza kuwa karatasi moja kubwa ikikunjwa hutoa kurasa 16, mtu akisinzia mezani huokota ile ile mara mbili na ya pili yake akaisahau. Sawa, kosa nimelielewa. Mimi pia hukosea. Lakini niliporudi kwa muuzaji, yule kijana akakitazama kitabu, akanitazama mimi, akaniambia kwa adabu kabisa: "Mama yangu, si wamepatana? Unataka nini tena?" Nikamwambia mwanangu, nataka kurasa zangu. Akacheka. Akasema hivi vya mapenzi ni vile vile, chukua kingine chochote hapo ubadilishe. Ni vile vile! Angekuja mtu na kitabu cha fizikia kisicho na sura ya umeme, angemwambia chukua cha kilimo? Angekuja shehe na juzuu pungufu, angemwambia si unaijua? Ndiyo maana nikasema yule msomi wenu na yule kijana wa kibandani ni mtu mmoja, ila mmoja kavaa tai.

Na hapa petu ndipo pa kuambiwa hivyo? Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani hapa 1909, hakuona haya kumlilia mkewe Amina kwa shairi, wala kukaa chini akaandika wasifu mzima wa Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyetembeza vyungu kabla hajaimba.

Nami sisemi waandishi wetu hawana lawama. Nina yangu nao, na siku nikikutana nao hawatakula wali wangu kwa raha. Kila mwanamume wa riwaya hizi ni tajiri. Ana V8, ana nyumba Masaki, ana kifua, na kazi yake haionekani. Ofisini anaingia kutia saini tu, kisha anatoka kwenda kupenda. Wanaume ninaowajua mimi wanabeba saruji, wanaendesha bajaji, wanauza machungwa ya Muheza, wanadaiwa, na wanapenda hivyo hivyo kwa tabu, na tabu hiyo ndiyo ingefaa kuandikwa. Mwanamke naye akishafika miaka 40 huwa mama mkwe mwenye roho mbaya au shangazi wa kuleta chai. Mimi nina 57, na chai naletewa, tena wakati mwingine na kashata. Lakini kinachonipandisha mori hasa ni mwanamke wa Tanga. Akitokea mwanamke wa Tanga katika kitabu kilichoandikwa Dar es Salaam, ujue ndoa ya mtu inavunjika. Atakuja na chetezo cha udi, atakuja na shanga, atakuja na sauti ya kudeka, atampikia mume wa mwenzie wali wa nazi uliotiwa limbwata, na kufikia sura ya nne bwana hakumbuki njia ya kwake. Wallahi nimezaliwa hapa, nimezalia hapa, udi nafukiza kila Alhamisi, na bwana wangu njia ya kwenda kijiweni kwenye kahawa haijampotea hata siku moja. Yuko wapi mwanamke wa Tanga anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kulangua samaki? Yuko wapi nesi, yuko wapi mwalimu wa hesabu, yuko wapi yule aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge mpaka vidole vikapinda, akasomesha watano? Hao hawapendi? Hawapendwi? Au limbwata lao limeisha dawa?

Watasema waandishi wa kike ni wachache. Na wataacha kuwa wachache vipi? Binti yangu wa mwisho kidato cha nne alisoma Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu. Vitabu vizuri, nami nilivisomea hapa hapa kwenye cherehani, ila vyote vitatu vimeandikwa na wanaume. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, kisa cha binti, iliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa lugha hii hii ya kuharibu mabinti, na leo wasomi wanaisifu. Ukienda kuulizia Mwisho wa Kosa ya Zainab Burhani, ya 1987, muuzaji anakuuliza kosa gani.

Nikiwa papo hapo, nao hawa wa hadithi za kwenye simu wasikie. Unaungwa kwenye kundi, unapewa sehemu kumi za bure, ya 11 tuma shilingi 1,000. Sawa, kazi ni kazi. Mimi nimelipa mpaka sehemu ya 22, bi harusi kapakwa hina, bwana harusi kasimama mlango wa msikiti, namba ikawa haipatikani. Hina ile imekaa mkononi tangu mfungo uliopita! Ningeshika mimi fedha ya gauni la mtu nikazima simu, wangekuja na mjumbe wa nyumba kumi.

Nasikia mnapenda barua zenye mapendekezo, basi haya. Yule bwana msomi aje akae kwenye benchi langu Jumamosi tatu, nampa riwaya tatu nitakazochagua mwenyewe, na asiinuke mpaka aniambie kila mwanamke alimwambia nini mumewe jikoni. Akifaulu namshonea kanzu bure. Akishindwa ananunua yeye uzi wa mwezi mzima, rangi nyeupe na nyeusi, wenye jina, si ule unaokatika. Wachapaji nao waajiri mtu mmoja, hata kama ni mwanamke mwenye cherehani, wa kuhesabu kurasa kabla kitabu hakijatoka. Mimi vifungo vya shati navihesabu mara mbili kabla ya kumkabidhi mteja, na shati halina mwisho wa kusisimua.

Lakini haja yangu kubwa, Mhariri, ni ndogo. Jina la kitabu nimeliandika kwenye kipande cha karatasi nilichokibana ndani ya bahasha hii, pamoja na namba yangu, na namba hiyo usiichape. Kama kuna msomaji wako yeyote, awe Chumbageni, awe Makorora, awe huko Korogwe, mwenye nakala yenye ukurasa wa 129 mpaka 144, anitolee kopi. Ni karatasi nane tu akichapa mbele na nyuma. Gharama yote nalipa mimi, na nauli ya basi ya bahasha pia. Baba watoto anasema nimuulize yeye, kwamba anajua wanaume husema nini wakikalishwa kigodani. Nimemuuliza. Kaniambia chai iko wapi.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga